Miaka Yangu ya Kuwahesabia Watu Hewa

Siku yangu ya kwanza nilipewa kamba, saa ya mkononi na kiti cha plastiki, nikaambiwa nikae kwenye mashua na nisiguse kitu kingine. Nilikuwa nimeajiriwa kama karani katika idara ya maji mjini Nakuru. Mimi ni mtu wa Kabazi, nimekulia kwenye mahindi na ng'ombe, na kuogelea sikujua. Hata leo sijui. Lakini mshika kamba wa kikosi cha wapiga mbizi alikuwa ameacha kazi, na Msimamizi wa kikosi alipopita ofisini kutafuta mtu, alinikuta nikimgombeza dereva aliyesema atarudi saa nne akarudi saa tano.

"Nipeni huyu," akasema. "Huyu anaheshimu saa."

Msimamizi alikuwa Mwislamu mzee wa mjini, ambaye babu yake alitoka pwani. Alikuwa amepiga mbizi mpaka masikio yakamkatalia. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Asubuhi ile alinionyesha maji ya ziwa, yamechafuka kama chai ya maziwa, akaniambia, "Mwanangu, kule baharini mpiga mbizi anaiona geji yake. Huku aliye chini haoni hata kidole chake. Kwa hivyo geji yake ni wewe."

Geji ni kile kisaa kinachoonyesha hewa iliyobaki mtungini. Hewa hiyo hupimwa kwa baa, na si baa ya pombe; huo mzaha nimeusikia kwa kila kijana mgeni na sijacheka bado. Mtungi uliojaa ni baa mia mbili. Na tafadhali tuelewane: ndani hamna oksijeni. Jamani! Kila mtu, hata wa redio, husema "mtungi wa oksijeni". Ni hewa hii hii unayovuta ukisoma hapa, imeshindiliwa tu. Oksijeni tupu ukishuka nayo kina kirefu inageuka sumu. Tulijaza mitungi kwa kompresa, mashine ya kushindilia hewa, na Msimamizi alihakikisha kwamba mdomo wa mashine hiyo unaovuta hewa uko mbali na jenereta, upande upepo unakotokea. Moshi wa injini ulio mbaya kabisa hauna harufu, kwa hivyo pua haikusaidii. Mtu anaweza kushuka na mtungi wa sumu mgongoni akidhani ana hewa ya Mungu.

Kisha alinifundisha kugawa. Theluthi ya kwanza ni ya kushuka na kufanya kazi, theluthi ya pili ni ya kurudi. "Na ya tatu?" nikauliza.

"Ya tatu si yake. Hiyo ni ya shida."

Kwa kuwa aliye chini haoni geji, nilipiga hesabu ya dakika. Hapo ndipo kazi ilipokuwa, kwa sababu hakuna watu wawili wanaovuta hewa sawa. Ukiwa mita kumi chini, kila pumzi inakula hewa mara mbili ya ile ya juu ya maji. Ukisukuma chuma, inazidi. Ukishikwa na baridi, inazidi. Ukiwa na hasira, usiseme! Nilikuwa na daftari la kila mpiga mbizi, na asubuhi niliwahoji: umelala saa ngapi, umekula nini, umegombana na nani?

"Mathe, kwani wewe ni mama mkwe wangu?" Njoroge aliniuliza siku moja; mathe ni mama kwa lugha ya vijana wa mjini. Njoroge alikuwa kijana mwembamba, mtu wa maneno mengi na pumzi chache. Mtungi ulimdumu mpaka nikawa nashuku kama anapumua kweli.

"Nijibu," nikamwambia, "ama leo utaoshea watu mashua."

Mwenzake alikuwa Kiprono wa Kuresoi, jitu la mtu, mpole, mbishi kidogo. Watu walidhani kwa vile ametoka milimani atakuwa na mapafu ya ajabu. Wapi! Alikuwa na mwili mkubwa na alifanya kazi kwa pupa, basi hewa ilimwishia mapema. Kila nilipomwandikia dakika ishirini yeye alitaka thelathini.

Mazungumzo yetu na aliye chini yalikuwa ya kamba. Ukivuta mara moja, unauliza: uko sawa? Mara mbili: nilegezee. Mara tatu: rudi. Mara nne: hatari. Na aliyevutiwa alijibu kwa idadi ileile, ili ijulikane amesikia. Hivyo ndivyo Msimamizi alivyofundishwa na waliomtangulia, na hivyo ndivyo alivyotufundisha.

Tulipelekwa Naivasha, tukakaa miaka minne tukisafisha mabomba yaliyozibwa na gugu maji. Kabla mtu hajashuka tulikuwa na mlinzi wa kutazama viboko tu. Afisa wa kituo kile alikuwa mtu mzuri mwenye haraka, na nilikosana naye wiki ya kwanza. Kiprono alikuwa ametoka majini saa tisa, na Afisa akampa gari aende kwao Kuresoi, mama yake alikuwa mgonjwa. Nikasimama mbele ya gari.

"Mama, kijana anaenda kumwona mzazi wake!"

"Ataenda kesho, boss."

Jambo hili watu wa bahari hawalifikirii sana, lakini sisi wa Bonde la Ufa lazima tulijue. Mtu akiwa chini ya maji, naitrojeni iliyo hewani huingia mwilini mwake. Akipanda polepole, inatoka taratibu. Akipanda haraka, inatoka mapovu ndani ya damu, kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa. Sasa kutoka Naivasha kwenda Kuresoi ni kupanda mlima. Mtu anatoka ziwani salama, anaketi kwenye gari, na bado anazidi kupanda! Kiprono alinuna, akalala Naivasha, akaenda kesho yake alasiri. Mama yake alipona, nashukuru, maana angenichukia maisha.

Baadaye tulirudishwa Nakuru, ziwa lilipopanda likameza nyua na mabomba, na kutoka hapo tukawa tunaitwa kwenye mabwawa ya juu milimani. Ni kwenye bwawa moja la maji ya kunywa, sitalitaja jina, ndipo nilipokaribia kumpoteza Kiprono.

Kulikuwa kiangazi. Kichujio cha bomba kubwa, yaani zile fito za chuma zinazozuia takataka, kilikuwa kimeziba, na mji ulio chini haukuwa na maji siku ya tatu. Barabara ilijaa watu na mitungi ya manjano. Mhandisi wa bwawa alikuwa ameketi nami kwenye mashua, simu haitoki sikioni, kila anayempigia anataka kujua maji yatafunguliwa lini. Kiprono akashuka mita kumi na mbili. Nilimwandikia dakika ishirini. Njoroge alikaa kando yangu amevaa kila kitu, maana kanuni ni kwamba mmoja akiwa chini, mwingine yuko tayari.

"Mwongezee kumi tu amalize," Mhandisi akasema.

"Hewa haiongezwi kwa mdomo, boss."

Dakika ya kumi nilivuta mara moja, nikajibiwa mara moja. Dakika ya ishirini nikavuta mara tatu: rudi. Papo hapo zikaja tatu. Nikashusha pumzi, nikaanza kukunja kamba. Kamba haikuja. Ilikuwa imekaza vilevile. Nikangoja dakika moja nzima, nikavuta tena tatu. Zikaja tatu, upesi kabisa. Na bado kamba haikulegea.

Nikajua, au nilidhani nimejua: huyu mbishi anataka kumaliza kazi. Ananidanganya kwamba anakuja.

Nikatazama mapovu. Mtu anayekuja, mapovu yake husogea. Haya yalitoka palepale, na yalikuwa yakifuatana mbiombio. Hiyo ni pumzi ya mtu anayehangaika.

"Njoroge, ingia."

"Si amejibu?" Mhandisi akaruka. "Amesema anakuja! Ukimtoa sasa kazi imelala mpaka kesho, na mimi nitawaambia watu nini?"

Nisiwadanganye, niliogopa. Kama Kiprono alikuwa anaendelea na kazi tu, ningekuwa yule mwanamke asiyejua kuogelea aliyelaza mji mzima na kiu. Zaidi ya hayo, Njoroge akishuka sina mtu mwingine wa kutuma. Watu husema ajali haina kinga. Mimi nilikuwa kinga, ndiyo kazi niliyopewa, na theluthi ya shida ilikuwa imeanza kuliwa.

"Waambie ni mimi nimekataa," nikamwambia. "Njoroge, nenda!"

Akazama akiifuata kamba. Sijawahi kuomba vile. Niliomba kwa Kiswahili, nikaomba kwa Kikuyu, nikamwahidi Mungu mambo ambayo mengine sijayatimiza. Dakika nne. Tano. Kisha kamba ikalegea mkononi mwangu, na vikaibuka vichwa viwili. Kiprono alikuwa anapumulia kipumulio cha akiba cha Njoroge. Nilipomvuta ndani nikashika geji yake: baa kumi. Kwa kazi aliyokuwa akifanya, hizo ni kama dakika mbili.

Nilimkumbatia na suti yake ya mpira ikanilowesha mpaka ndani. Nililia, nikacheka, nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka Mhandisi akavua kofia. Halafu hasira ikapanda, nikampiga ngumi begani.

"Mwongo wewe! Mara mbili unaniambia unakuja na huji!"

Mguu wake ulikuwa umenaswa kati ya vyuma, na kisu cha kukatia kiatu alikuwa amekifunga mguu huohuo, hakukifikia. Alinitazama. Akaitazama kamba. Akamtazama Njoroge, na Njoroge akainamisha macho.

"Pole, mathe," Kiprono akasema. "Ni makosa yangu."

Kesho yake Njoroge alimaliza kichujio kwa dakika kumi na nane na maji yakafunguka. Wiki iliyofuata Kiprono alimwendea Msimamizi, akapendekeza tubadilishe ishara: jibu lizidi swali kwa mvuto mmoja. Ukiulizwa kwa moja, jibu kwa mbili. Ukiulizwa kwa tatu, jibu kwa nne, na hatari ikawa sita. Alisema ni ya kutuzuia kusinzia kazini. Msimamizi alifikiri, akakubali. Mimi nikaona anajipendekeza tu.

Miaka sita niliwasimulia vijana wapya kisa kile. "Msiwe kama Kiprono," nilisema, naye amesimama hapohapo. Hata siku ya kustaafu, mbele ya chai na mandazi uwanjani, nilikisimulia tena na watu wakacheka sana.

Baada ya chai alinibebea zawadi zangu mpaka langoni.

"Mathe, sasa umestaafu. Wacha nikwambie. Siku ile mimi sikukujibu."

"Hukunijibu vipi? Nilipata tatu!"

"Kamba ilikuwa imenasa kwenye chuma kilichopinda, juu yangu. Mimi navuta nne, nne, nne, haikufikii. Ukivuta wewe, kile chuma kinanesa, kinakurudishia. Njoroge ndiye aliyeitoa."

Nilikaa kwenye jiwe la lango. Kwa hivyo nilikuwa nikiongea na chuma. Ningevuta moja, ningepata moja. Ningevuta mbili, ningepata mbili. Ningekunja mikono na kusema yuko salama, mpaka mapovu yakome. Ndiyo maana Kiprono alitaka jibu lizidi swali: chuma hakijui kuongeza.

"Mbona hukusema? Nimekuita mwongo miaka sita mbele ya watu!"

"Ningekwambia, ungeshika kamba kesho yake?"

Nilifikiri, nikamjibu ukweli. Hapana. Ningemrudishia Msimamizi kamba yake na saa yake, nikarudi kwenye mafaili.

"Basi," akasema. "Na mimi nilitaka unishikie wewe."

Nilimwomba msamaha palepale, mbele ya askari wa lango. Nilimwambia pia kwamba alikosea, kwamba jambo kama hilo halifichwi hata kwa huruma, na ndiyo sababu ninaliandika hapa kwa nyinyi mnaoanza. Kamba inaweza kukujibu na mtu wako asiwe kwenye ncha yake. Amini saa, tazama mapovu, na usione haya kumtoa mtu bure. Wote niliowashusha niliwapandisha, na usiku nalala vizuri.

Wiki iliyofuata Kiprono alishuka Naivasha, kamba ikiwa mikononi mwa msichana niliyemfundisha. Mimi nilikuwa Kabazi, nakamua. Simu ikalia, nikaipokea kwa mkono wenye maziwa.

"Mathe," akasema, bado akihema, "nimetoka. Baa themanini, ile ya shida sijaigusa."

Tangu siku hiyo hupiga kila akitoka majini.