Mama Mafungu na Majina ya Wachangia Damu

Saa mbili asubuhi, katika chumba cha mwisho cha benki ya damu, mwanamke mmoja ameegemea kiti, macho kwenye kompyuta. Mstari wa kijani unajaa taratibu kwenye kioo. Yeye hagusi kitu.

“Kazi hii haitaki papara,” anasema bila kugeuka.

Wenzake humwita Mama Mafungu. Vituo vya kuchangia damu humtumia majedwali yenye maelfu ya mistari: majina, simu, makundi ya damu. Yeye huyaingiza kwenye hifadhidata ya mtandaoni, ambamo hospitali hutafuta wachangiaji.

Zamani utaratibu wa ofisi ulikuwa kupakia jedwali zima kwa mpigo. Mfumo ulielemewa, ukakwama katikati, na hakuna aliyejua mistari ipi imeingia na ipi imebaki. Wakirudia, majina yanaingia mara mbili hata tatu, na mtu mmoja anapigiwa simu na watu watatu.

“Mzee mmoja aliniambia, ‘Mwanangu, damu yenyewe ninayo hii hii moja,’” anasimulia akicheka.

Kicheko kinakatika anapoikumbuka simu ya muuguzi wa wodi ya wazazi. Mama aliyetoka kujifungua alikuwa akivuja damu, kundi lake adimu, na mfumo umeganda kwa sababu ya jedwali lililokuwa likipakiwa.

“Bahati nzuri muuguzi alimkumbuka dereva mmoja mwenye damu ile, akaja mbio. Yule mama alipona. Lakini nikajiuliza, kesho je?”

Alivuka ukumbi hadi kwa fundi wa programu, binti mwenye umri wa mwanawe. “Yeye alitaka kasi, mimi nikataka usafi wa taarifa. Tulivutana, mwisho tukaelewana.”

Sasa jedwali hukatwa mafungu ya mistari elfu moja. Kila fungu hutua kwanza pembeni, likaguliwe. Likiwa safi, linaingia lote. Likiwa na kasoro, linarudi peke yake, mengine yanaendelea. Hospitali nazo zinatafuta bila kusubiri. Kazi iliyokuwa ikimeza siku nzima humalizika kabla ya chai ya saa nne.

Mumewe huchomelea mageti. “Jioni ananiuliza, ‘Leo umebeba watu wangapi?’ Nikimtajia, anasema basi nimpe pole yeye kwa kubeba vyuma tu.”

Ghafla alama nyekundu inatokea. Fungu moja limekataliwa: namba za simu zimepungukiwa tarakimu. Anainua simu, anampigia karani wa kituo kilicholituma.

“Dada, safu ya simu iwekeni kama maandishi. Mkiiweka kama namba, jedwali linakula sifuri ya mwanzo.”

“Kumbe! Tunarekebisha sasa hivi, mama.”

Mwezi ujao ataanza kuzunguka vituoni, mkuu wake ameshakubali, akawafundishe makarani kuandika moja kwa moja mtandaoni. Wakizoea, hakuna atakayemtumia jedwali tena.

Na yeye je?

“Nimeomba nihamie kule mbele, wanakopokelewa wachangiaji,” anasema, na uso unamchanuka. “Miaka yote hii nawajua kwa majina tu. Nataka niwakaribishe, niwaone sura.”