Taa Iliyowaka Langoni kwa Bibi Milembe

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize kabisa, halafu anisikilize. Haya yamenipata mimi mwenyewe, ndani ya gari langu, jua likiwa utosini. Sijasimuliwa na mtu. Pombe sinywi, na usingizi sikuwa nao. Watu wengi wanadhani mambo ya namna hii yana saa zake za giza. Wanajidanganya.

Nijieleze kwanza. Shule niliishia darasa la tatu. Nilibeba magunia ya dagaa mwaloni, kando ya ziwa, mpaka shingo ikaanza kuingia kifuani. Leo nina mashine ya kukoboa mpunga hapa Buswelu, nina ghala, nina pikapu nyeupe. Hakuna aliyenipa. Kwa hiyo mtu akiniambia nimeota, namwambia aliyeota ni yeye.

Nyuma ya lile ghala alikuwa anaishi chatu. Sikumleta, nilimkuta siku moja kajikunja juani kama tairi la zamani. Kwetu Usukumani mnyama kama huyo akija bila ugomvi humpigi. Wazee watakwambia huenda ni mtu wa ukoo amekuja kuangalia nyumba inaendaje. Nikamwacha. Tukaishi naye miaka, yeye kwake, mimi kwangu. Lakini wateja wakaongezeka, na wateja wa siku hizi ni waoga. Mama mmoja alimwona akatupa beseni la mchele, akakimbia hadi barabarani bila viatu. Nikaita mtu wa nyoka kutoka upande wa Bujora, kule Kisesa, wale wanaocheza nao ngomani. Akamweka kwenye kikapu taratibu kama anabeba mtoto, akaniuliza, "Mzee, una uhakika?"

"Nina uhakika na biashara yangu," nikamjibu.

Haukupita muda magunia yakaanza kutobolewa. Nikasema ni panya tu, nani atakonda kwa sababu ya panya? Kisha gari likaanza. Ile taa ya njano yenye picha ya injini ikawa inawaka, gari linapoteza nguvu, linakohoa, linazima. Ukisubiri kidogo linawaka kama halina kosa.

Nikampelekea Ramesh, fundi umeme wa magari. Ramesh ni Mhindi wa hapa hapa Mwanza, babu yake aliuza khanga mjini, na Kisukuma anachosema kinanishinda mimi. Akachomeka mashine yake ya kupimia, akaitazama kama daktari. "Mzee, hii sensa tu. Naapa." Akabadilisha sensa, kidude kinachopima hali ya injini. Taa ikarudi. Akabadilisha nyingine, akaapa tena. Taa ikarudi.

Sasa hapa ndipo pabaya. Taa haikuwaka popote tu. Iliwaka mbele ya lango la Bibi Milembe.

Bibi Milembe ni jirani yangu, mjane, anaishi peke yake na kuku. Moshi wa kuni umeyafanya macho yake kuwa mekundu. Mnajua mwanamke mzee mwenye macho mekundu huku kwetu anaitwa mchawi, na mnajua yanayoweza kumfika. Siku binti yangu Kabula aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, nikampakia, nikakanyaga mafuta, na gari likazima pale pale langoni. Bibi alikuwa amesimama mlangoni anatutazama. Bajaji ndiyo iliyomwokoa mwanangu, akajifungua salama. Lakini mtaa mzima ulikuwa umeona.

Maneno yakaanza. Eti bibi akilitazama gari, linakufa. Kikao kikaitishwa, na mwenyekiti wa mtaa akaja kwangu mwenyewe. "Gari ni lako, mzee, na mjukuu ni wako. Wewe ukisema neno, bibi ataondoka. Vijana wamekasirika, akibaki sijui kama nitaweza kuwazuia."

Unaona nilivyowekwa? Neno langu moja, na mwanamke wa watu anakosa nyumba, au anakosa uhai. Nisiwafiche, moyo wangu ulikuwa unayumba. Nilikuwa nimemsikia binti yangu akilia kwenye kiti cha nyuma.

Siku ya kikao nilikuwa nimepeleka pumba Kisesa asubuhi. Nilikuwa narudi mchana, taa ya njano iliyowaka asubuhi pale langoni inaniangalia njia nzima. Barabarani akanisimamisha mzee mmoja. Joto lile, na yeye kavaa koti. Shati la ndani lilikuwa na mabaka ya kahawia na meusi.

"Mwadila," nikamsalimu.

Akaitikia kwa sauti ndogo, akaingia. Alipokaa tu, taa ikazima.

Niamini, nilifurahi kabla sijaogopa. Nikamwambia afunge mkanda. Akauvuta, ukateleza. Akauvuta tena, ukateleza tena, kama vile hakuwa na mabega ya kuushika. Mikono yake ilikuwa inabanduka ngozi. Alisogeza uso karibu na kioo ili jua limpige vizuri, na macho yake hayakupepesa hata mara moja. Gari zima likanuka ghala langu.

"Unashukia wapi, mzee mwenzangu?"

"Kwako, mwenye nyumba."

"Kwangu? Tunafahamiana?"

"Nilikuwa naishi kwako. Ukanitoa."

Nikacheka. "Mimi sijawahi kuweka mpangaji."

"Kodi yangu nilikuwa nalipa kwa kula."

Mtu wa namna gani huyo? Nikabadili gia. Tukaenda hivyo hadi karibu na lango la Bibi Milembe. Pale kuna mtaro wa maji unaokata barabara, gurudumu lazima lidumbukie. Mgeni akaweka kiganja kwenye dashibodi.

"Taa yako haimwogopi bibi," akasema. "Inaogopa shimo. Hebu sikia."

Nikapunguza mwendo. Ndani ya boneti nikasikia vitu vidogo vinalia, tiii, tiii, kama vifaranga. Gurudumu likadumbukia, likatoka. Taa haikuwaka, gari halikukohoa.

"Wapo wengi," akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Nina njaa sana."

Mbele yangu kuku wa bibi akakatiza. Nikafunga breki, nikamtukana kuku, nikageuka nimwombe radhi mgeni. Kiti kitupu. Mlango ulikuwa umefungwa. Dirisha la upande wake lilikuwa wazi nafasi ya ngumi tu. Nikagusa kiti, kilikuwa cha baridi kama mtungi, joto lote lile. Na chini ya boneti kelele zilikuwa zimekoma.

Kisha nikampigia simu Ramesh nikamwambia aje kwenye kikao na tochi, mashine yake aiache nyumbani.

Kikaoni, pale nje kwa bibi, watu walikuwa wamejaa. Bibi Milembe alikuwa amekalishwa kwenye kigoda katikati, kafungasha kabisa nguo zake kwenye kitenge. Mwenyekiti akasema, "Mzee, tunasubiri neno lako."

"Neno langu ni hili. Fungueni boneti."

Ramesh akalala chini ya gari, akafuata waya kwa kidole kutoka mwanzo wake, kitu ambacho hakuwa amefanya kwa sababu aliiamini mashine. Mara nikasikia anacheka peke yake. "Mzee! Njoo uone harusi iliyofanyika humu!"

Waya zilikuwa zimetafunwa, shaba iko nje inang'aa. Nyuma ya injini, penye joto, palikuwa na kiota cha nyuzi za gunia na pumba za mpunga wangu mwenyewe. Ramesh akatikisa gari kwa bega, waya mbili zikagusana, taa ikawaka. Akatikisa tena, ikazima. Watu wote wakaona. Kila gurudumu lilipodumbukia mtaroni, waya ziligusana. Ndiyo uchawi wote.

Bibi Milembe akainuka kwenye kigoda. "Huo mtaro nimekulilia uufukie, mwenyekiti, mpaka nimechoka. Na ningekuwa na nguvu za kuzima magari, ningeanza na pikipiki za wajukuu zenu zinazopita hapa zinapiga kelele!"

Watu wakacheka mpaka vijana wenye hasira wakatafuta pa kuweka nyuso zao. Mwenyekiti akaubeba mzigo wa bibi kwa mikono yake, akaurudisha ndani.

Mimi sikucheka. Ramesh alikuwa amenivuta pembeni. Kiota kilikuwa bado cha moto, akasema, lakini panya hakuna hata mmoja. Na kilichozunguka betri alikitoa polepole kwa vidole viwili. Gamba la chatu. Jipya, laini, bado lina unyevu.

Nikampigia mtu wa nyoka wa Bujora. Kabla sijauliza akaanza kuniomba radhi: yule chatu wako, mzee, leo mchana ametoroka kikapuni, sijui amepitia wapi. Nikamwambia asihangaike, nimemleta mwenyewe.

Sasa yuko pale pale nyuma ya ghala. Wateja wakiogopa nawaambia ndiye mlinzi wangu, wengi wamezoea. Ramesh alifunga waya kwa tepu na kuzipitisha kwenye bomba, taa haijawaka tena. Mtaro umefukiwa. Jioni Kabula humpeleka mtoto kwa Bibi Milembe, na bibi humwimbia huku ameugeuzia moshi mgongo. Na mimi, gari likilala, dirisha la kushoto naliacha wazi nafasi ya ngumi.

Basi wewe unayesoma, taa ikiwaka kwenye gari lako, au chochote kikiharibika nyumbani kwako, fungua boneti kwanza. Fuata waya kwa kidole chako mpaka mwisho. Ukianza kwa kutazama uso wa jirani utaona unachotaka kuona, na siku utakapogundua kuwa ni panya, huenda nyumba ya jirani itakuwa tayari ni majivu.