Kamba ya Kahawa na Gurudumu la Mbele

Pikipiki ya mjukuu wangu ilikaa sebuleni kwangu wiki tano, usukani ukitazama mlangoni na gurudumu la mbele likitazama kabatini. Niliiegemeza ukutani pale palipokuwa na kiti cha marehemu mume wangu. Kiti nilikipeleka stoo, juu ya magunia ya mahindi. Kila asubuhi nilipita kando ya ile pikipiki kwenda kuwasha moto, na kila asubuhi ilinitazama upande kama mkwe aliyenuna.

Sikuwa na mwingine wa kunitazama. Wanangu wako Tunduma, wanauza na kununua mpakani, sauti zao nazisikia Krismasi na Pasaka. Mume wangu amelala nyuma ya nyumba, penye migomba. Majirani wa hapa Isansa si wabaya. Lakini mimi ni Mnamwanga, mzaliwa wa Ndalambo, nilipandishwa huku kwa Wanyiha kuja kuolewa nikiwa binti mdogo, na mpaka leo na mvi zote hizi, kwenye msiba wakigawana kazi utasikia, "Yule mama wa bondeni apewe kuni." Nimezaa hapa, nimezika hapa, bado ni wa bondeni.

Niliyebaki naye ni huyu mjukuu. Mimi niliishia darasa la tatu. Yeye ni afisa kilimo, anakaa Chitete, anawafundisha wanaume wazima kupanda mahindi na wanamsikiliza wamevua kofia. Pikipiki kainunua kwa mshahara wake mwenyewe. Siku ya kwanza alipopanda nayo huku juu, nilimtuma sokoni akanunue chumvi. Chumvi ilikuwepo ndani, tele. Nilitaka wamwone. Alilizunguka soko mara tatu, maana ananijua.

Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, alikuja. Tulikula, akanisuka, akanitania. Ananiita mke mwenza, kama wajukuu wa kike wanavyowaita bibi zao, na picha ya babu yake ukutani anaisalimia, "Mume wangu, huyu mzee mwenzangu anakutunza?" Halafu anaondoka, nami nahesabu siku kumi na nne.

Sasa niseme kilichotokea, wala sitajipaka mafuta.

Ijumaa moja alinipigia kwamba kesho yake haji, kazi zimembana. Nikamwambia sawa. Nikakata simu, nikaangalia jogoo niliyekwisha kumfunga mguu. Jumamosi asubuhi nikampigia. Nikalegeza sauti, nikasema, "Mjukuu wangu, naumwa."

Sikuwa naumwa. Hata kichwa.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku. Kwenye kona iliyo chini ya shamba langu udongo mwekundu ukilowa unateleza kama mlenda, na mtu wa kwao anaijua kona hiyo, anapita polepole. Yeye siku hiyo hakupita polepole. Mimi nilikuwa shambani napalilia, nikasikia mlio wa pikipiki ukipanda, nikafurahi. Kisha nikasikia mlio ukikatika.

Nilikimbia na jembe mkononi. Nilimkuta amekaa kwenye mtaro, ameushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia. Kifundo kilikuwa kimevunjika. Alinitazama, halafu akalitazama lile jembe. Watu wakaja na gari lililobeba mbolea, wakampakia. Nilipotaka kupanda nao, jirani yangu akanishika bega: "Wewe mama baki, binti anasema unaumwa. Nenda kalale." Nikaenda nikalala. Saa sita mchana, miguu ina matope, mzima kama jiwe, nimejifunika blanketi mpaka kidevuni nasikiliza mvua.

Akafungwa plasta, akarudi Chitete. Akawa ananipigia yeye kuniuliza mimi hali. "Umepona, bibi?" Najibu nimepata nafuu. Kisha siku moja akasema, "Ile pikipiki nitaiuza hivyo hivyo ilivyo. Imepinda mbele, siwezi kuiamini tena."

Nilikaa na simu sikioni muda mrefu baada ya yeye kukata. Bila pikipiki, kutoka Chitete kuja kwangu ni magari mawili na kungoja barabarani nusu siku. Angekuja Krismasi, kama baba zake. Basi nikajiambia, hiki chuma kitanyooka.

Mume wangu alikuwa na baiskeli. Usukani wake ukipinda alibana gurudumu kwa magoti, akashika usukani kwa mikono miwili, akauzungusha mpaka ukanyooka. Nikafanya hivyo. Niliitoa pikipiki uani, nikabana gurudumu kwa magoti, nikavuta huku natukana Kinamwanga. Ukanyooka! Nikaachia. Ukarudi ulikotoka. Nikavuta tena, ukarudi tena. Siku tatu nilishindana nayo, magoti yakavimba, hapo ndipo ningeweza kusema naumwa na ikawa kweli.

Ndipo nikamwita fundi. Alikuja mchana, mtu wa makamo, mfuko wa spana begani. Alipofika kwenye ua alikunja magoti kidogo, akapiga makofi taratibu, akasema, "Mwapoleni, bamayo."

Niliduwaa. Bamayo ni mama, kwa Kibemba. Utotoni ndugu zetu wa ng'ambo walikuja Ndalambo na salamu hiyo. Kwenye ua huu hakuna aliyewahi kuniita hivyo.

"Wewe umekulia wapi?"

"Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa wajomba."

"Karibu basi, hata kama kazi huijui."

Akacheka. "Nikishindwa sipati chai?"

"Ukishindwa utakunywa maji, tena ya mtungi wa kuku."

Akachuchumaa mbele ya pikipiki, akalitazama gurudumu, akaitazama sketi yangu. "Nani amekuwa akiivuta hii?"

"Kuna nini?"

"Madigadi hii ya juu ya tairi imepinda pande zote mbili, kama imebanwa na magoti."

"Ni mimi."

"Bamayo, hii si baiskeli. Haya mabomba mawili, hizi shokapu, zimeshikwa na vyuma viwili, cha juu na cha chini, na nati zimekazwa. Zimejipinda ndani ya mshiko. Ukivuta bila kulegeza, hata ungekuwa na magoti ya ng'ombe zitarudi tu." Akaanza kulegeza moja moja, za juu, za chini, mpaka ile ya ekseli katikati ya gurudumu. "Una kioo? Kilichonyooka, cha dirisha."

Dirisha langu ni la mbao. Nyumba nzima ina kioo kimoja, nacho kiko kwenye picha, mbele ya uso wa mume wangu. Nilimshusha ukutani, nikapinda visumari vya nyuma, nikamtoa. Yeye nikamlaza kitandani juu ya mto. Fundi akakipangusa kile kioo kwa fulana, akakilaza juu ya shokapu zote mbili. Kilicheza, tik, tik. "Unaona? Kona moja iko hewani. Hazilingani." Akauvuta usukani kidogo tu, hata jasho hakutoka, akakilaza tena. Kikatulia.

Alipokuwa anakaza akauliza, "Alikuwa anawahi nini kwenye utelezi ule?"

"Mgonjwa."

"Mgonjwa alipona?"

"Mgonjwa ni mimi. Sikuwa naumwa."

Spana ikasimama. Sijui kwa nini nilimwambia mtu nisiyemjua. Labda kwa ile bamayo. Alinitazama, kisha akaendelea kukaza. "Yeye anajua?"

"Hajui."

"Mm," akasema, na mimi nikaona afadhali angenitukana.

Alisema tayari. Nikamwambia ngoja. Nikaingia stoo nikatoa kamba ya mume wangu ya kupangia mistari. Kahawa yote ya shamba hili ilipandwa kwa kamba hiyo, yeye ameshika mwisho mmoja na mimi mwingine, na mimi ndiye niliyekuwa nafumba jicho moja na kusema "sogeza, sogeza, hapo." Nilikuwa naona mche uliotoka nje ya mstari kwa upana wa kidole. Tulisimamisha pikipiki wima, tukaivuta kamba chini chini pande zote mbili, ikiwa imegusa gurudumu la nyuma mbele na nyuma ya tairi. Gurudumu la mbele ni jembamba, hivyo kamba huacha nafasi kidogo kila upande. Nikapiga magoti kwenye matope. Nikachukua punje ya kahawa, nikaipitisha upande wa kulia kati ya kamba na tairi. Ikapita. Upande wa kushoto ikakwama.

"Bado," nikasema.

"Bamayo, hiyo ni punje ya kahawa."

"Ndiyo. Na imekwama."

Akalegeza tena. Mara tatu alilegeza, mara tatu nikapiga magoti. Ya mwisho punje ilipita kote, mbele ya tairi na nyuma ya tairi. Fundi alikaa chini akafuta mikono. "Nimetengeneza pikipiki miaka yote hii, leo nimesimamiwa na bibi mwenye buni mfukoni." Alikunywa chai vikombe viwili. Alipoondoka alipiga makofi tena pale penye ua. Nikabaki nimesimama na kamba mkononi, upande mmoja tu, upande wa pili uko chini kwenye matope.

Mjukuu alikuja Jumamosi, plasta imetolewa, amepanda hayo magari mawili. Alipoingia ndani aliona picha kitandani. "Mke mwenza! Umemvua nguo mume wangu?"

"Kioo kilikuwa na kazi."

Aliipeleka pikipiki mpaka kanisani na kurudi. Niliona kwa mbali akiachia mkono mmoja, kisha yote miwili, kidogo tu, akashika tena. Alirudi anatabasamu. "Bibi, inaenda yenyewe! Haivuti popote." Akaniambia haiuzi.

Hapo ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimepata nilichotaka. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umesinyaa kama wa mtoto mgonjwa, nao ulikuwa pale pale mbele yangu, kwenye usukani.

"Siku ile sikuwa naumwa," nikasema.

Akazima injini.

"Najua," akasema. "Nilikuona na jembe. Nilingoja useme. Wiki tano kila nikipiga unaniambia umepata nafuu. Nafuu ya nini, bibi?"

Nikapangusa tope kwenye tairi la mbele.

"Kwa nini hukusema tu njoo?"

Jibu la hilo nilibaki nalo. Mimi nililetwa kwenye ukoo huu, na mwanamke aliyeletwa hapigi kelele kwamba yuko peke yake. Watu wa kwa mume watasema amechoka kukaa, watu wa kwao watasema tulikwambia. Ugonjwa ndio tunaoruhusiwa. Mwanamke mgonjwa hutembelewa. Mama yangu aliumwa hivyo, na bibi yangu kabla yake, na mimi nikawa napanda magari ya mizigo kwenda Ndalambo kuwaona, nakuta wanatwanga.

"Mkono wangu, bibi," akasema. Akavaa kofia, akawasha. Hakuniaga kama siku zote. Alama ya matairi ilibaki kwenye njia yenye unyevu, mstari mmoja, la nyuma limekanyaga palipopita la mbele. Niliitazama mpaka kuku walipoifukua.

Jumamosi yake ikafika, hakuja. Ikafika nyingine. Nilipika chakula cha mtu mmoja, nikala nimesimama jikoni. Mume wangu nilikuwa nimemrudisha ndani ya kioo, kwenye kona kuna alama ya dole gumba la fundi, ina oili, haitoki.

Jana nikampigia. Alipopokea nikasema neno hilo kabla ya salamu, nisije nikaogopa. "Njoo."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nina afya ya punda. Njoo tu, niko peke yangu hapa."

Nikamsikia akifunua daftari. Halafu akasema, "Jumamosi hii nina mkutano na wakulima. Nitakuja ijayo."

"Ijayo," nikasema.

Jogoo nimemfungua mguu, atembee kwanza. Kiti cha mume wangu bado kiko stoo juu ya magunia. Sijakirudisha sebuleni. Mvua za huku hazipigi hodi, na ikinyesha siku hiyo, pikipiki itahitaji pa kukaa.