Mashati Tisa ya Shangazi

Jina lake la kuzaliwa wengi pale karakanani hawakulijua. Walimwita Chapu, naye akaitika. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mdomo, anayegombana na cherehani yake kuanzia asubuhi: "Haya, na wewe leo umeamkaje?" Ungemkuta amekunja uso ukadhani ana hasira, kumbe anafurahi. Kazi aliipenda, basi. Shangazi yake ndiye aliyemlea na kumfundisha, alimkalisha kwenye kigoda angali mdogo, akamtia kitambaa mkononi, akamwambia, "Shona mpaka sindano ikuzoee." Ikamzoea kweli. Alipokuwa msichana alitoa mashati kumi na sita kwa siku, kola zimesimama wima, na bado alibaki na pumzi ya kusengenya watu.

Halafu ukaja Usawa.

Mwanzoni Chapu naye alishangilia, tusimsingizie. Nani hakuwa amechoka kuona mmoja anapaa na mwenzake anasota? Waliambiwa hakutakuwa tena na wa kwanza wala wa mwisho, wakapiga makofi mpaka viganja vikauma. Ndipo ikatoka hesabu yenyewe. Kila mshonaji mashati saba kwa siku. Atakayezidisha atiwe gango, yaani kibao chembamba cha chuma kinachofungwa juu ya kidole kisiweze kukunjika. Atakayeshuka chini ya matano apelekwe Makao ya Utulivu. Waliopelekwa huko hawakurudi. Kwao ilifika barua moja tu ya salamu, na barua zote zilikuwa za mwandiko mmoja. Sheria ile ilijua kupunguza. Kuongeza haikujifunza.

Chapu alikuwa na magango mawili mkono wa kulia, na bado, sijui niseme nini, alifikisha tisa. Mkono wake ulikuwa mwepesi na hakuwa na la kuufanya. Mashati ya ziada aliyatupa kimyakimya kwenye kapu la Mfumuaji, kama walivyofanya wenzake waliozidisha. Mfumuaji alikuwa mzee mpole aliyekaa kona ya dirishani na wembe wake. Kazi yake kwenye karatasi ilikuwa kufumua mashati yaliyoharibika. Kwa kweli alifumua mazima, mshono baada ya mshono, mpaka yawe vitambaa tena. Na yeye zamani alikuwa fundi, jamani! Alikuwa akifumua huku ameangalia nje.

Shangazi alikaa cherehani ya pili kutoka mlangoni, ubavuni kwa Chapu. Tangu mwaka uliotangulia mkono wake wa kushoto ulianza kutetemeka. Akashuka kutoka saba hadi sita, kisha matano. Wiki ile Chapu alikuwa akimhesabia kwa jicho la pembeni: manne, manne, manne tena. Na kesho yake ilikuwa Siku ya Kipimo, ile siku moja ya mwezi ambayo mashati ya kila mtu huhesabiwa.

"Shangazi, kesho usije. Nitawaambia unaumwa."

"Asiyekuja anaandikiwa sifuri, unajua vizuri. Na nyumbani nikafanye nini, nikodolee dari?" Shangazi akacheka, akauficha mkono mapajani. "Kesho utaamka mzima huu. Utauona."

Haukuamka mzima. Ilipofika alasiri Shangazi alikuwa bado anahangaika na shati la nne, jasho linamtoka, na hesabu yenyewe ilishampotea. Chapu akapiga moyo konde. Kila mshonaji alikuwa na rangi yake ya uzi ndani ya kola, ili ijulikane nani kashona nini. Yeye nyekundu, Shangazi bluu. Shangazi alipokwenda msalani, Chapu alitia uzi wa bluu kwenye mashati yake mawili ya ziada, akayasukumia chini kabisa ya kapu la Shangazi. Manne na mawili, sita. Si mengi, si machache. Akarudi kuigombeza cherehani yake.

Asichokijua ni kwamba Mfumuaji naye alikuwa na macho. Yeye pia alikuwa akihesabu wiki nzima. Mchana ule alichomoa mashati matatu ya ziada ya wenzao, akayatia uzi wa bluu badala ya wembe, na alipopita na ufagio akayaweka kwa Shangazi. Wangeambizana neno moja tu! Lakini mle ndani watu walishaacha kunong'ona, kwa kuogopa, na kila mmoja alitenda wema wake peke yake.

Mpimaji akaingia. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye adabu, anayesema "samahani" kabla ya kila jambo. Akapita kapu kwa kapu: "Saba. Saba. Sita. Saba." Akafika kwa Shangazi, akahesabu, akarudia.

"Tisa."

Cherehani zote zikanyamaza.

"Tisa?" Shangazi akauliza. "Mimi?"

"Wewe, mama. Samahani, itabidi nikufunge."

Shangazi akalia, tena kwa furaha. "Mwanangu, umesikia? Tisa! Si nilikwambia?" Akaunyoosha mkono wake mwenyewe, ule ule unaotetemeka, kama bibi harusi anayevishwa pete. Tangu Usawa uje hajawahi kufungwa hata kidole. Chapu aliyaona machozi yale, akameza maneno. Aseme nini? Akae kimya, Shangazi apate japo siku moja ya kujiona fundi.

Lakini kidole hakikutulia. Mpimaji aliomba samahani, akakishika, akavuta mkanda, kidole kikaruka, akavuta tena kwa nguvu. Shangazi akauma mdomo. Gango la pili lilipoingia alitoa sauti ndogo, na Chapu hakuweza tena.

"Mwachie! Si yake hayo! Mawili nimeweka mimi!"

Kule dirishani Mfumuaji akasimama polepole. "Na matatu ni mimi."

Chapu na yule mzee wakatazamana. Mpimaji akaandika majina yao wote wawili, bila hasira yoyote.

Shangazi alikuwa bado amenyoosha mkono. Uso wake ulikuwa umenywea, na hakumtazama Mpimaji wala Mfumuaji. Alimtazama Chapu tu.

"Kwa hiyo hata moja halikuwa langu?"

Chapu akapiga magoti mbele yake. Wakati ule hakuwaza sheria, hakuwaza Makao, aliwaza uso ule tu. "Yapo, Shangazi! Manne ni yako. Manne umeyashona mwenyewe, kwa mkono wako, wallahi nimeyaona yote."

"Manne," Shangazi akasema. Rangi kidogo ikamrudia. "Manne si haba."

Mpimaji akafungua mikanda, taratibu, asimwumize. Akafuta tisa, akaandika nne.

"Samahani, mama," akasema. "Chukua mkoba wako."