Redio Mbili za Garissa Moja

Siku hizi mtoto aliye Nairobi anamsalimia nyanya yake wa Mandera huku akitafuna chipsi, na akichoka anamkatia simu. Miaka ya tisini haikuwa hivyo. Ukitaka kusema na mtu wa mbali, ulienda kwenye taar: chumba chenye redio ya kurushia sauti, betri ya gari, maiki yenye kitufe, na waya mrefu uliotundikwa kwenye milingoti. Ulituma salamu leo kwamba fulani aitwe, na kesho yake fulani alikaa mbele ya redio ya kwao, nawe mbele ya yenu, mkapokezana: mmoja anasema, anamaliza kwa "ova," ndipo mwenzake anajibu. Siri haikuwepo. Kila mwenye redio kutoka Hagadera hadi Lafey alisikia ngamia wa nani amepotea na mke wa nani amerudi kwao, na wengi walichangia mawazo bila kuulizwa.

Mimi nilifanya kazi katika taar ya mjomba wangu mjini Garissa, baada ya kumaliza sekondari, nikingoja nafasi ya chuo cha ualimu. Mjomba, yaani kaka wa mama, kwetu huitwa abti, na yeye pia humwita mpwa wake abti. Alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya watu wanne. Tuligawana kazi bila ugomvi: yeye alipiga kelele, mimi nikafanya mengine yote. Simu ikiingia kutoka Nairobi, niliubana mkonga wa simu kwenye spika ya redio ili mtu wa Nairobi asikilizane na mtu wa Tarbaj, nami nikakaa katikati nikiwaambia sasa ni zamu ya nani.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na taar nyingine, ya mzee tuliyemwita Haji. Abti na Haji hawakuwahi kukosana kwa jambo lolote. Walichukiana tu, kwa sababu kila mmoja alijiita Garissa. Tarbaj ikiita "Garissa, Garissa," wote wawili waliitika kwa mpigo, na redio mbili zikisema pamoja hazisikiki, husikika mluzi. Betri ya mmoja ikiisha, mwenzake alikataa kuwahudumia wateja wake. Mtu alitoka porini kuja kusema na mama yake, akaambiwa, "Wewe ni wa kule. Ngoja kule kufufuke."

Wafanyabiashara wa soko la mifugo walichoka. Wakawaweka wazee hao wawili chini, mbuzi akachinjwa, chai ikanywewa mpaka duka la jirani likaishiwa sukari, na ikaamuliwa hivi: redio mbili, jina moja. Ya abti iseme, ya Haji ikae kimya isikilize. Ya abti ikifa, ya Haji ishike kazi papo hapo na ihudumie watu wote bila ubaguzi. Mtu wa Lafey asijue kama Garissa ina redio moja au kumi. Akiita Garissa, Garissa iitike, basi. Na usimamizi uwe mmoja.

Hilo la usimamizi ndilo lililokaribia kumgharimu mbuzi wa pili maisha yake. Hakuna aliyekubali kuwa msaidizi. Mwishowe wote wawili wakapewa cheo cha Meneja Mkuu, na kila mmoja akachorewa kibao chake. Fundi wa redio kutoka bara akaitwa aje kuunganisha. Sisi tulizungumza Kisomali, na maneno mengi humu nimeyageuza, lakini na fundi abti alitumia Kiswahili chake, ambacho hakikuwa na herufi p hata moja.

"Fundi, hii redio mbili nataka ikuwe moja bekee," akamwambia. "Na hiyo moja ni mimi."

Alipovuka barabara, fundi akaambiwa maneno yale yale na Haji.

Akavuta waya kutoka kwetu hadi kwa Haji, juu ya barabara, na mezani kwa Haji akafunga balbu ndogo nyekundu. Redio yetu ikiwa hai, balbu inawaka. Balbu ikizimika, Haji ajue sisi tumekufa, ashike maiki. Fundi alishauri waya upandishwe juu zaidi au uzikwe ardhini. Abti akaona ni kupoteza muda. "Bitisha hapo hapo," akasema. "Gari inabita chini."

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri, na hilo ndilo lililomuumiza Haji. Alishinda akiitazama balbu. Redio yake ilikuwa nzuri, betri yake imejaa pomoni, na hakuwa na ruhusa ya kusema hata salamu. Abti naye alikataa katakata kufa. Betri yetu ikilegea, alizima feni, akatukataza kuwasha taa, akaibembeleza kama mgonjwa, yote hayo ili Haji asipate hata dakika chache za kuwa Garissa. Tulikuwa na redio ya akiba iliyo bora kuliko ile tuliyoitumia, na tulijitesa usiku na mchana tusiihitaji.

Kisha nafasi yangu ya chuo ikatoka. Chuo kilikuwa papo hapo Garissa, lakini ruhusa ilikuwa Lafey, kwa baba yangu. Baba hakuwahi kunikataza shule, ila alikuwa mfugaji wa maneno machache, na akishasema limekwisha. Mimi nilitaka ualimu kuliko kitu chochote. Nilikuwa nimekwisha kuuchafua ukuta wa jikoni wa abti kwa mkaa, nikijizoeza kuandika mistari iliyonyooka.

Wakati huo huo mfanyabiashara mmoja wa ngamia, rafiki wa Haji, mwenye ndevu za hina na wake wawili, alikuwa ameniona nikibana mkonga wa simu kwenye spika, akaona nyumba yake inakosa mtu wa namna hiyo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa rika la baba yangu, na sikumtaka.

Tulituma salamu baba aje kwenye taar ya Lafey baada ya Alasiri. Kwa kuwa siri haikuwepo, mfanyabiashara naye akajua. Alikuja na wazee wake, wakajaa kwa Haji na birika la chai, wakisikiliza na kungoja abti amalize ili nao waombe zamu.

Abti alianza vizuri. Alimweleza baba kwamba nimepata nafasi, kwamba chuo kina heshima, kwamba nitalala kwake kila likizo. Baba akajibu, "Nimesikia. Subiri nifikiri. Ova." Tukasubiri, mimi nikiwa nimeushika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

Hapo ndipo lori la mbuzi lilipopita. Lilikuwa limepakiwa mbuzi ghorofa mbili, na juu ya mbuzi, watu. Vyuma vya juu vikaunasa waya wetu na kuukata. Abti hakuweza kuliacha jambo hilo lipite. Alitoka mbio kwenda kumfunza dereva adabu, akaniachia redio.

Ng'ambo, balbu ikazimika.

Haji hakutazama dirishani. Angetazama, angemwona abti katikati ya barabara, mzima wa afya, akimtukana dereva pamoja na mbuzi wake. Lakini makubaliano hayakusema dirisha, yalisema balbu. Haji akashika maiki, na spika yangu ikaniletea sauti yake: "Lafey, Lafey, Garissa hapa. Kuna jambo jingine la heri kuhusu binti huyu." Akamposea rafiki yake kwa maneno matamu kuliko yote niliyowahi kusikia yakisemwa juu yangu.

Nilibonyeza kitufe nikapiga kelele. Haikusaidia. Betri ya Haji ilikuwa imepumzika miezi yote hiyo, yetu ilikuwa mahututi, na sauti yake ikaifunika yangu. Baba naye hangeweza kujua. Kwenye taar watu wote huwa na sauti ya bata.

"Garissa," baba akasema, "umeanza na shule, umemalizia na ndoa. Wewe ndiye unayeishi naye. Kama umeyapima yote mawili ukaona hili ndilo bora, nimekubali. Ova."

Nilihisi baridi mwili mzima, na Garissa hakuna baridi. Neno la baba lilikuwa limetoka, na limesikika katika kila redio ya kaskazini. Neno la namna hiyo mtu halirudishi bila kuaibika mbele za watu wote aliowahi kuwauzia ngamia. Nilikasirika mpaka nikasahau kulia.

Kisha ikaingia sauti nyingine. "Lafey, Tarbaj hapa. Samahani kwa kuingilia." Alikuwa sheikh mmoja mzee aliyeshinda akisikiliza mazungumzo ya watu, na kila siku tulimsema kwa tabia hiyo. Siku hiyo nilimwombea pepo. "Binti mwenyewe ameulizwa? Garissa, mleteni kwenye maiki. Tumsikie. Akinyamaza, tutakuwa tumeelewa. Ova."

Kila mtu alilijua hilo la kunyamaza. Msichana akiulizwa kuhusu ndoa akakaa kimya, kimya chake kinahesabiwa kuwa ni haya, na haya yake kuwa ndiyo.

Nikabonyeza kitufe. Taa ya redio ikafifia, ikafa. Ile betri iliyobembelezwa wiki nzima ilikuwa imechagua saa yake. Hewani, kutoka Hagadera hadi Lafey, nilikuwa nikinyamaza.

Nilitoka bila viatu. Nikapita katikati ya mbuzi, nikampita abti ambaye matusi yake sasa yalikuwa yamefika kwa babu zake dereva, nikaingia kwa Haji. Wazee walikuwa wakitabasamu. Mmoja alikuwa anasema, "Mmesikia? Amenyamaza."

"Haji," nikasema, "redio yetu imekufa."

"Najua. Balbu imezimika."

"Hapana. Ulikatika waya tu, redio ilikuwa hai. Sasa ndiyo imekufa."

Haji akakiweka kikombe chini. "Imekufa kabisa?"

"Kabisa."

"Wallahi?"

"Wallahi. Naomba maiki."

Yule mzee akasema, "Binti ameshajibu kwa kimya chake. Hakuna haja ya kumsumbua tena."

Haji alimtazama rafiki yake wa ngamia, akaitazama balbu. Kwa miezi yote alikuwa amengoja redio ya abti ife kifo cha kweli, na sasa mtu wa abti mwenyewe amesimama mbele yake, miguu peku, anaomba huduma. Furaha hiyo ilimshinda. Nimefundisha miaka mingi na sijamwona mtoto aliyefaulu mtihani akiwa na uso kama ule.

"Makubaliano ni makubaliano," akasema. "Redio moja ikifa, nyingine inahudumia watu wote. Garissa inafanya kazi." Akanikabidhi maiki.

Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile tena, hata nilipojifungua. "Aabo," nikasema, kwani ndivyo tunavyomwita baba, na ndivyo baba anavyomwita mtoto wake. "Sikunyamaza, betri imeisha. Huyu mzee namheshimu, lakini kuolewa naye sitaki. Nataka chuo. Abti alikuomba ruhusa ya chuo tu. Ya ndoa umeombwa na Haji. Ova."

Mahali fulani Wajir mtu alicheka akasahau kuachilia kitufe.

"Garissa," baba akasema polepole, "mko wangapi humo? Ova."

"Wawili, Aabo. Ova."

Mfanyabiashara alikuwa akichungulia ndani ya kikombe chake.

"Mimi nilidhani nazungumza na shemeji yangu," baba akasema. "Kumbe huyo Garissa niliyempa neno si mtu. Ni waya na balbu. Neno ukimpa mtu ambaye hayupo, bado unalo mwenyewe. Sheikh, nimekosea? Ova."

"Hujakosea. Ova."

"Basi Aabo, nenda chuo. Ova."

Nililia mbele ya wazee wote na sikujali. Mfanyabiashara alisimama, akamshukuru Haji kwa chai, akasema redio yake inasikika vizuri sana, akaenda zake. Abti aliingia akihema, akaniona na maiki ya Haji mkononi, na kabla ya kuuliza habari zangu akauliza ni nani aliyemruhusu Haji kusema.

Wafanyabiashara wa soko wakaitisha kikao tena, mbuzi mwingine akaliwa. Ikaonekana kosa lilikuwa kutegemea waya mmoja, hivyo wakaongeza wa pili. Waliupitisha kwenye milingoti ile ile, kwa kimo kile kile. Lori lililofuata liliondoka na zote mbili.

Chuo nilikwenda. Lafey, mama alinisimulia, baba akaanza kufika kwenye taar kila Ijumaa, yeye ambaye zamani hakuja mpaka aitwe. Anaita Garissa. Abti anaitika, hajibu. Haji anaitika, hajibu. Anakaa na maiki mapajani mpaka wachoke, kisha anasema, "Nyinyi siwajui. Niitieni binti yangu."

Basi wananiita. Ninakuja kwa miguu kutoka chuoni, vidole vimejaa vumbi la chaki, ninashika maiki yoyote iliyo hai siku hiyo. "Aabo?" ninasema. Naye, ambaye ametembea kutoka malishoni na kungoja kutwa, ananisikiliza kwanza mpaka atosheke.

"Ni wewe," anasema. "Basi. Ova."