Mgunga Nilioukata Kando ya Mto

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, nimesimama kwenye kiwanja changu kipya pale Mwamkulu, najiona mtu mzima. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimeoa, na mke wangu Nyamizi alikuwa na mimba ya kwanza. Kiwanja kilikuwa hatua chache tu kutoka mtoni. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu, mbuzi wanavuka bila kulowa kwato. Nikasema hapa maji ya kufyatulia tofali nitayapata karibu kwa kuchimba mchangani, na majaruba ya mpunga yatakuwa mlangoni.

Baba mkwe wangu, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake kabla sijazaliwa, alikuja kuona. Msingi niliochimba hakuutazama. Aliinua fimbo akaonyesha mgunga mkubwa uliokuwa pembeni, na juu kwenye matawi yake, mafungu ya nyasi kavu.

"Mkwilima," akaniita, maana ndivyo wanavyomwita mume wa binti yao, "zile unaona ni nini?"

"Viota vya ndege, baba."

"Ndege gani anajenga kwa matope na vipande vya gunia?"

"Labda ni ndege wa kisasa."

Alicheka, kwa sababu alinipenda. Kisha akaniambia wazi kwamba nyasi zile zililetwa na mto, na kwamba maji yalifika pale, juu ya kichwa changu. Mimi nikayachukua kama maneno ya mzee asiyetaka binti yake akae mbali. Wiki ileile nilihitaji kuni za kuchomea tofali. Nikaukata ule mgunga, na nyasi zake. Naona aibu mpaka leo kukuandikia hili.

Machi ilipofika, mtoto wetu alikuwa na mwezi mmoja. Siku hiyo kwetu jua liliwaka, Nyamizi ameanika nguo za mtoto. Mvua ilikuwa imenyesha huko vilimani, nasi hatuna habari. Baba mkwe akatokea na mkokoteni wa ng'ombe wawili, anahema. Alikuwa malishoni kule juu, akaona maji yanavyokuja.

"Nyamizi, panda na mtoto. Mkwilima, panda."

"Baba, mvua yenyewe iko wapi?"

"Panda kwanza, tutaitafuta njiani."

Mke wangu alipanda. Mimi nikabaki, nikasema natoa magunia matatu ya mpunga. La kwanza halikufika mlangoni. Maji yaliingia, mekundu na mazito, yakanifika magotini, kisha kiunoni. Mzee aliwashusha Nyamizi na mtoto mahali pa juu, akarudi kunifuata. Nikadandia mkokoteni, lakini tukiwa katikati dume lake la kulia, Kijivu, likateleza. Mzee akakata kamba za nira kwa panga ili tusiburutwe sote. Tuliona pembe tu zikienda na maji. Dume hilo lilikuwa limelima mashamba ya familia ile miaka saba.

Jioni nyumba ilianguka. Nilingoja kugombezwa. Mzee alinifunika shuka lake, akakaa karibu yangu, akaniuliza taratibu:

"Ule mti, ulipokuwa unaukata, uliangalia juu?"

"Niliangalia, baba."

Akaitikia kwa kichwa, basi. Msimu uliofuata, kwa kuwa dume lililobaki halikuwa na mwenzake aliyezoea nira, familia yake yote ililima kwa jembe la mkono, nami nikiwa katikati yao, na hakuna hata mmoja aliyenikumbusha kwa nini. Afadhali wangenitukana.

Mwanangu, siku hizi nyie vijana mnauziwa viwanja hadi ukingoni mwa mto, na anayeuza anakupeleka kuangalia Septemba. Wewe nenda Machi. Ukishindwa kusubiri, kaa na wale uliowakuta pale, uwaulize maji yaliwahi kufika wapi, na wakikujibu usiwatafutie sababu nyingine. Kama umeshajenga vibaya, hama, wala usione haya. Na siku ukiambiwa panda, acha kila kitu upande. Mpunga utaulima tena. Anayerudi kukufuata ndani ya maji ni baba wa mtu, na anao wanaomngojea upande wa pili.

Mungu akujalie nyumba mahali pakavu, na watoto wako walale usingizi mzito mvua ikinyesha. Akujalie pia mkwe kama niliyempata mimi, nawe umsikilize mapema kuliko nilivyomsikiliza.