Bomba la Kati

Karakana yetu iko Mtoni, nyuma ya maduka ya Barabara ya Kilwa. Tunatengeneza baiskeli za magurudumu matatu za watu wenye ulemavu wa miguu, zile zinazoendeshwa kwa pedeli za mkono. Mafundi wanakata na kuchomelea. Mie nachora, kwenye kompyuta.

Katika programu tunayotumia, kila kipande kina faili lake: kiti, pedeli, bomba la kati linalotenganisha kiti na pedeli. Halafu kuna faili moja kubwa linalovikusanya vyote viwe baiskeli nzima. Hilo kubwa halijabeba vipande tumboni. Linakumbuka tu kila kipande kinakaa wapi, na ukilifungua linakwenda kukiita. Kwa hiyo ukilinakili faili kubwa peke yake na kulipa jina jipya, umepata majina mawili lakini vipande ni vilevile. Ukigusa bomba kwenye nakala, umeligusa na kwenye baiskeli ya asili.

Mwenzangu wa ofisini, mhandisi aliyetoka Mbeya, nilimweleza hayo siku alipopewa kazi ya kuchora baiskeli ya watoto. Nilimwambia anakili kwanza vipande atakavyobadilisha, avipe majina mapya, aviingize mahali pa vile vya zamani, ndipo aanze kupunguza vipimo. Alinisikiliza huku anatazama simu.

"Sista, hizi programu mie nimeanza nazo chuoni," alisema.

Akanakili faili kubwa tu. Akaliita la mtoto, akalifungua bomba la kati, akalifupisha, akahifadhi. Mie nilikuwa nachora viti vya hospitali wiki hizo, sikujua. Mafundi walipochapishiwa michoro ya baiskeli za watu wazima, bomba lilikuwa la mtoto.

Tulijua siku mwalimu mmoja wa Mwananyamala alipokuja kuchukua yake. Alikuwa mama wa makamo, amevaa vizuri kama anayekwenda kwenye sherehe. Alihama kutoka kiti chake cha magurudumu akakaa kwenye baiskeli, akazungusha pedeli. Ikamgonga goti. Akajisogeza nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye kiti, akazungusha tena, ikamgonga tena.

Mhandisi alikuwa amesimama pembeni. Akacheka kidogo, akamwambia, "Utazoea tu, mama. Ni ngeni."

Mwalimu alimtazama. Hakupandisha sauti.

"Nimezoea mengi, mwanangu. Hili sikuja kulizoea."

 Nilichukua futi nikapima bomba mbele yao wote, nikaingia ofisini nikafungua faili. Kipimo cha mtoto kilikuwa kimekaa humo, kimetulia kama mwenye nyumba. Nikarudi nikamwambia mhandisi kwamba amebadilisha bomba la asili. Akajibu kwamba kompyuta imeleta ishu. Kompyuta! Nikamuuliza kama kompyuta ndiyo iliyomwambia mwalimu atazoea.

Bosi akatoka. Ni mzee wa Kihindi, mstaarabu, karakana aliianzisha baba yake, na sote tunamwamkia shikamoo kila asubuhi. Alimwomba mwalimu radhi, akaahidi kumtengenezea nyingine na kumpelekea hadi nyumbani. Kisha akanigeukia mie, si mhandisi, akaniambia kwa upole kwamba mbele ya mteja tusipandishiane sauti. Niliitikia kwa sababu ya umri wake. Lakini nilijiuliza kwa nini aliyekosea hapati hata neno, na aliyekasirika ndiye anayefundishwa adabu.

Kesho yake bosi aliitisha kikao. Aliamua mafaili ya asili yafungwe, yasomeke tu, na mtu akitaka kubadilisha kipande atengeneze nakala yenye jina jipya. Uamuzi mzuri. Ila aliyepewa nafasi ya kuwaelekeza wenzetu alikuwa mhandisi, na alieleza kwa maneno yangu, neno kwa neno, hata ule mfano wa kubeba tumboni. Wenzangu walimpongeza. Nilitoka nje nikanywa maji.

Baiskeli moja ilikuwa imeshatoka kabla hatujajua. Ilikwenda Gongo la Mboto, kwa kinyozi. Bosi alitutuma mie na mhandisi na gari la mizigo tukaibadilishe.

Tulimkuta kinyozi mlangoni pa banda lake, anasubiri wateja. Goti la kulia alikuwa amelifunga kitambaa. Mhandisi alianza kumwambia kwamba tumemletea iliyoboreshwa. Nikamkatiza, nikasema ile ya kwanza ilikosewa, bomba lilikuwa fupi, kosa ni letu.

Kinyozi akaishika ile baiskeli ya zamani kwenye pedeli.

"Kumbe," alisema. "Mie nilidhani miguu yangu ndiyo imezidi kujikunja. Nikawa naificha hata kwa mke wangu."

 Nilimsaidia kuhamia kwenye mpya. Akazungusha pedeli taratibu, akilitazama goti lake, akisubiri maumivu. Hayakuja. Akazunguka uwanja wote wa mbele ya banda, akapita kwa jirani, akarudi.

Tulipokuwa tunarudi, mhandisi alisema labda tungemwambia tu ni toleo jipya, asingejisikia vibaya. Niligeukia dirishani. Nilimwambia kwamba kinyozi angebaki anailaumu miguu yake.